Shanghai: Kinachoonekana na Kinachopitwa

Meli kubwa ya kitalii inapowasili Shanghai haifiki katikati ya mji. Daraja la Yangpu, lililofunguliwa mwaka 1993 juu ya mto Huangpu, halina kimo cha kutosha kuzipitisha meli kubwa za siku hizi. Kwa hiyo nyingi hufunga gati Wusongkou, mahali Huangpu unapoingia katika mto Yangtze, kwenye kituo cha abiria kilichoanza kazi mwaka 2011. Hapo abiria hupanda mabasi kwenda mjini, huku wakikumbushwa saa ya kurudi melini.

Mahali hapo penyewe pana historia nzito. Tarehe 16 Juni 1842 manowari za Uingereza zilizivunja ngome za Wusong, na kamanda wa Kichina, Chen Huacheng, akauawa akizilinda. Chanzo cha vita hivyo kilikuwa kasumba. Wafanyabiashara wa Kiingereza walikuwa wakiiingiza China kwa magendo, na serikali ya China ilipoiteketeza mwaka 1839, Uingereza ilijibu kwa mizinga. Mkataba wa Nanjing wa Agosti 1842 uliilazimisha China kufungua bandari 5 kwa wageni, Shanghai ikiwa mojawapo. Leo sehemu ya ngome hizo ni bustani iitwayo Paotaiwan, yaani ghuba ya ngome ya mizinga. Mtalii mwenye haraka huipita bila kugeuza shingo.

Haraka yake ni ya kwenda Bund, ukingo wa mto ambao Wachina huuita Waitan. Huko yamepangana majumba ya mawe ya enzi ya mabeberu: jumba la Benki ya Hongkong na Shanghai la mwaka 1923, jumba la forodha la mwaka 1927 lenye mnara wa saa, na hoteli ya tajiri Sassoon iliyofunguliwa mwaka 1929. Mgeni huyasifu kwa uzuri wake, na kwa hakika ni mazuri. Lakini jumba la forodha lastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Tangu mwaka 1854 wageni ndio waliosimamia ukusanyaji wa ushuru wa Shanghai, na Mwingereza Robert Hart aliiongoza idara ya forodha ya China nzima tangu mwaka 1863 hadi alipofariki mwaka 1911. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kulipa madeni na fidia za vita, vikiwamo vita ambavyo China yenyewe ndiyo iliyoshambuliwa. Karibu na hapo, bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1868 iliwafungia Wachina mlango hadi mwaka 1928, nayo ilikuwa katika ardhi yao.

Si ajabu basi kwamba Chama cha Kikomunisti cha China kilifanya mkutano wake mkuu wa kwanza katika mji huu huu, Julai 1921, ndani ya nyumba iliyokuwa katika eneo la Wafaransa. Majeshi ya chama hicho yalipoutwaa mji Mei 1949, majumba ya Bund hayakubomolewa. Serikali ya mji iliingia katika jumba la benki na kulitumia kwa miaka mingi. Saa ya forodha, iliyokuwa ikilia kwa mlio wa saa ya Bunge la London, mwaka 1966 ilibadilishwa ipige wimbo wa kumsifu Mao.

Ng'ambo ya mto ni Pudong, ambako kabla ya mwaka 1990 palikuwa na maghala, viwanda na mashamba. Sasa limesimama huko jumba la ghorofa 128, lenye urefu wa mita 632, na kamera nyingi huelekezwa huko. Bandari yenyewe haionekani kabisa. Gati kuu za makontena ziko Yangshan, katika visiwa vilivyounganishwa na nchi kavu kwa daraja la zaidi ya kilomita 30 tangu mwaka 2005. Mwaka 2024 Shanghai ilihudumia zaidi ya makontena milioni 50 kwa kipimo cha futi 20, na hakuna bandari duniani iliyoifikia.

Tangu Mei 2024, makundi ya watalii wanaofika kwa meli huruhusiwa kukaa China siku 15 bila viza. Anayewapunguzia muda ni nahodha, si afisa wa uhamiaji.