UZURI WA MKAKASI: CHATU AITWAYE BUIBUI

Huku kwetu Kitui na Makueni nyoka akionekana bomani watu hutafuta rungu. Kwa hivyo utashangaa kusikia kwamba kule Ulaya na Marekani wako wanaofuga chatu ndani ya nyumba, na kuwazalisha ili wapate rangi za kupendeza sokoni.

Chatu hao asili yao ni Afrika Magharibi na ya Kati. Ni wadogo, na wakishtuka hujiviringisha kama mpira. Mwaka wa 1999 huko Marekani walianza kuzalishwa wenye michirizi myembamba kama utando wa buibui. Basi wakaitwa "buibui", na wateja wakawagombania.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chatu hawa hutikisika kichwa. Wengine hupinduka chali, au hukosa shabaha wakirukia chakula. Nyoka hana sikio la nje, ila analo la ndani linalomjulisha juu ni wapi na chini ni wapi. Mwaka wa 2022 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kwamba sikio hilo la chatu buibui limeumbika vibaya. Kasoro hii hurithiwa: mzazi mmoja akiwa nayo, karibu nusu ya watoto huipata. Tena hufuatana na rangi ile ile, na wazalishaji hawajafaulu kuvitenganisha.

Wauzaji hujitetea ati nyoka anakula, anakua na anazaa, basi hana taabu. Mimi sikubali. Babu yangu kule Makueni hufuga mbuzi. Beberu akizaa watoto wenye kasoro, babu humhasi au humchinja. Mbuzi asiyeweza kusimama hafiki malishoni, na hasara humrudia mwenyewe. Lakini chatu wa sandukuni huletewa panya mpaka mdomoni, kwa hivyo kasoro yake haimgharimu muuzaji hata senti. Anayelipa ni nyoka.

Sisemi walio hai wauawe, la! Watunzwe mpaka mwisho wao, ila wasizalishwe tena. Hapa Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kufuga mnyama wa mwituni. Hiyo ni sawa, lakini kibali hakitoshi. Kabla ya kuzalisha mnyama yeyote tujiulize: huyo atakayezaliwa, ataweza kuinua kichwa chake sawasawa? Tumhurumie hata yule tunayemwogopa.