UKIONA KOSA, SEMA!

Kwa kawaida mtu ana figo mbili. Zinakaa nyuma ya tumbo, upande huu na huu wa uti wa mgongo. Kila moja ni kubwa kama ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu. Taka na maji yaliyozidi hutoka kwa njia ya mkojo.

Je, figo zikishindwa kazi? Taka hubaki katika damu, na mwili huvimba. Mgonjwa wa namna hii husafishwa damu kwa mashine hospitalini. Damu hutoka kwa mpira, hupita kwenye chujio, kisha humrudia. Wengi husafishwa mara 3 kwa wiki, na kila mara ni saa 4 hivi.

Mashine hutumia maji mengi, zaidi ya lita 100 kila mara. Maji hayo hupita upande wa pili wa chujio, damu upande huu. Lakini maji yakiwa na sumu, sumu hupenya na kuingia katika damu.

Hebu tuone mfano. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru huko Brazili, kituo kimoja cha kusafisha damu kilitumia maji ya bwawa yaliyoletwa kwa malori. Maji hayo hayakusafishwa vya kutosha. Yalikuwa na sumu ya vijidudu vya kijani vinavyoota bwawani. Wagonjwa walitapika na kuona ukungu machoni. Zaidi ya 100 waliugua. Zaidi ya 50 walikufa.

Tunajifunza nini? Mashine peke yake haitoshi. Lazima watu wawe na desturi ya kukagua, kuuliza na kusema.

Lakini wengi wetu tunaogopa. Mgonjwa husema, "Mimi nani nimwambie daktari?" Muuguzi akikosea, huogopa kufukuzwa. Basi hunyamaza. Kosa lililofichwa leo litamrudia mgonjwa mwingine kesho. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mkubwa wa kazi naye ana wajibu. Akianza kwa kufoka, "Nani kakosea?", wote watanyamaza. Akiuliza, "Kimetokea nini, na tuzuie vipi?", watasema. Hapo kosa hutengenezwa.

Tukiwa na ndugu anayesafishwa damu, tukumbuke haya:

1. Mkono wenye sindano usifunikwe shuka. Sindano ikichomoka, damu humwagika bila mtu kuona.

2. Mkono huo usipimwe presha wala usibebe mzigo mzito.

3. Mgonjwa apimwe uzito kabla na baada. Uzito huonyesha maji ya kutolewa ni kiasi gani.

4. Kila anayemshika anawe mikono kwanza.

5. Akisikia baridi, kizunguzungu au maumivu ya kifua, aseme pale pale. Asingoje mashine imalize.

Kusema siyo utovu wa adabu. Tunaweza kusema kwa heshima: "Sista, samahani, mbona shuka limelowa?" Muuguzi mwema atajibu, "Ahsante mama, umefanya vizuri kuniita." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha.

Basi tusinyamaze. Usalama wa mgonjwa ni kazi ya daktari, muuguzi, fundi wa maji, mgonjwa mwenyewe, na sisi ndugu zake.