Fahamu: Kinga ya jamii na vizuizi wakati wa janga la ugonjwa

Kinga ya jamii hupatikana pale watu wengi wanapokuwa na kinga, kwa kuchanjwa au kwa kuugua na kupona, hata kirusi kikakosa njia ya kuenea. Mtoto mchanga asiyefikia umri wa chanjo naye hunufaika.

Hesabu yake

Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana chanjo hulenga asilimia 95 ya watoto. Korona ilipoanza ilikadiriwa kuambukiza watu 2 hadi 3. Kati ya watatu ambao mgonjwa angewaambukiza, wawili wakiwa na kinga hubaki mmoja tu, na wagonjwa hawaongezeki.

Kwa nini vizuizi?

Kuwaacha watu waugue ili wapate kinga hugharimu maisha mengi mno. Kenya ilianza kafyu Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kisha ikazuia safari za kuingia na kutoka Nairobi. Lengo lilikuwa hospitali zisizidiwe wakati chanjo ikisubiriwa. Shehena ya kwanza ya chanjo ilifika Machi 2021.

Vizuizi havijengi kinga, na huumiza. Muuza chakula wa jioni hupoteza kipato chote, hivyo anastahili msaada.

Mipaka ya kinga ya jamii

Kinga dhidi ya korona hufifia, na Omikroni, aina mpya ya kirusi hicho, iliambukiza hata waliochanjwa, ingawa chanjo iliendelea kupunguza vifo. Kwa surua, wastani mzuri wa taifa huweza kuficha mtaa ambao watoto wengi hawajachanjwa, na mlipuko huanzia hapo.