Mazoezi Yamo Njiani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyeita boda boda mjini Kisumu aliitikiwa na kengele ya baiskeli. Abiria alikalia keria iliyowekewa mto wa sponji, naye mwendeshaji akakanyaga pedali kutoka Kibuye hadi Nyalenda, akarudi, akaenda tena mpaka giza likaingia. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na muda si muda baiskeli zikasukumwa pembeni. Abiria sasa anafika upesi na mwendeshaji hachoki magoti. Lakini kazi ile ile, katika barabara zile zile, imeacha kuwa kazi ya misuli na kuwa kazi ya kuketi.

Tofauti kati ya kazi za namna hizo mbili iliwahi kuchunguzwa jijini London. Kuanzia mwaka 1949, daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa mbili. Wote walikuwa waajiriwa wa shirika moja. Dereva aliketi zamu nzima, ilhali kondakta alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba makondakta waliugua moyo mara chache kuliko madereva. Wapo waliouliza: je, huenda wanene ndio waliopenda udereva tangu awali? Morris akaenda kukagua daftari za sare, akasoma vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa wanene zaidi. Hata hivyo, mwembamba kwa mwembamba na mnene kwa mnene, kondakta bado alikuwa na nafuu.

Makondakta hao hawakujiandikisha katika ukumbi wowote wa mazoezi. Mazoezi yao yalikuwa ndani ya kazi yao.

Je, ngazi za basi zinaulindaje moyo? Kwa kawaida sukari hutoka kwenye damu na kuingia katika misuli kwa amri ya homoni ya insulini. Msuli unaojikunja na kukunjuka hufungua njia yake wenyewe, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri. Ndiyo maana anayetembea dakika chache baada ya kula ugali na samaki, sukari yake haipandi kama ya yule aliyejilaza kochini. Wakati huohuo damu inayokwenda kasi husugua kuta za mishipa, nazo kuta hutoa gesi ya nitriki oksidi inayoilegeza mishipa, na shinikizo la damu likashuka. Nafuu hiyo hudumu kwa saa kadhaa, kisha hufifia. Kwa hiyo mwili unahitaji mwendo wa mara kwa mara kuliko jasho la siku moja kwa mwezi.

Jambo hili linatuhusu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa Wakenya wengi bado wanajimudu kwa mwendo: ni kama asilimia 6.5 tu waliokuwa chini ya kiwango kinachopendekezwa. Mvuvi wa Dunga anayevuta nyavu, au mchuuzi anayezunguka na karai la omena, hana haja ya kuhubiriwa mazoezi. Anayepaswa kusikiliza ni karani, mwenye duka, fundi cherehani na mwendeshaji wa pikipiki, ambao siku yao huanzia na kuishia kitini.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au nusu yake akijituma kwa nguvu, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba mwendo uwe wa dakika 10 mfululizo ndipo uhesabiwe. Sasa kila dakika ina hesabu yake.

Ushahidi wa uamuzi huo umezidi kuimarika. Mwaka 2022 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti juu ya watu 25,241 wa Uingereza ambao hawakuwa na desturi ya kufanya mazoezi, lakini walivaa vifaa mkononi vya kupima mwendo wao. Waliohema kwa dakika moja au mbili mara tatu kwa siku, kwa kupanda ngazi upesi au kukimbilia basi, walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa takriban asilimia 40 kuliko wasiohema kabisa. Utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kwamba mwendo huo peke yake ndio uliowaokoa, lakini unaelekea kule kule walikoelekea makondakta wa Morris.

Kwa mkaaji wa Kisumu, hesabu hii inawezekana. Tuko karibu na ikweta, hivyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Mwanga wa kutembea upo kabla ya kazi, na joto la adhuhuri halijaanza. Kutoka Kondele hadi katikati ya jiji ni takriban kilomita 3. Mtu akishuka nusu ya njia na kumalizia kwa miguu, asubuhi na jioni, siku tano, dakika 150 zinatimia bila kutafuta saa ya ziada. Mwendo uwe wa kasi ya kukuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji ni kama kilo 20: ukijaza nusu tu na kuuinua mara kadhaa kwa mgongo ulionyooka, misuli imepata kazi yake. Aliyebanwa wiki nzima anaweza kupanda kilima cha Riat Jumamosi na Jumapili, kwani tafiti zinaonyesha kuwa dakika zilizolimbikizwa siku mbili nazo huulinda moyo. Ila kuogelea ziwani si njia salama, kwa sababu konokono wa ufukweni hueneza kichocho.

Mwili hujifunza kile unachoufanyisha kila siku. Mwaka 1986, Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini. Mzigo uliofikia sehemu moja ya tano ya uzito wao haukuwaongezea gharama ya nguvu za kutembea. Baadaye watafiti waligundua siri: katika kila hatua, mwili wao hugeuza nishati ya kuinuka kuwa nishati ya kusonga mbele kwa ustadi zaidi, kama pendulumu inavyobembea, na huenda ustadi huo unatokana na mazoea ya miaka mingi.

Mazoea, hata hivyo, yanahitaji njia. Hakuna atakayetembea kwa furaha palipo na mtaro wazi, giza na pikipiki zinazopita juu ya njia ya miguu. Kaunti inapojenga njia pana na kuweka taa, inatibu shinikizo la damu kabla mgonjwa hajafika hospitalini, na wakazi wana haki ya kuidai huduma hiyo kama wanavyodai dawa.

Nawe usisubiri njia hiyo ikamilike. Kapime shinikizo la damu wiki hii, kisha kesho ushuke steji moja kabla ya unakokwenda.