Boneti ya kirikuu: kwa nini rangi inatoka na vinundu, na namna ya kuipuliza nyumbani itoke laini

Mavuno yameshaingia ndani, mashamba yamepumzika, na kipindi hiki kila nikipita kwenye kaya ya kijana mwenye kirikuu au pawatila nakuta kuna kitu kimefunguliwa: boneti, madigadi, bodi ya nyuma, kifuniko cha injini. Na swali ni lilelile: "Afisa, nimenunua kopo la rangi, nimepuliza, imetoka kama ganda la chungwa. Nimeuziwa feki?"

Feki zipo, sikatai. Ila boneti nyingi nilizoonyeshwa, kopo halikuwa na kosa.

Wapo watakaouliza afisa kilimo anahusikaje na rangi ya gari. Anahusika. Kirikuu inayobeba urea na CAN inaliwa na kutu haraka kuliko inayobeba abiria, kwa sababu mbolea hizi zinavuta unyevu na kuukalisha kwenye bati. Ukiacha mkwaruzo mmoja wazi masika nzima, mwakani una tundu. Pia siku ukitaka kuuza ili uongeze mtaji, mnunuzi anaangalia bodi kabla hajafungua injini. Rangi mbaya anaisoma hivi: "hii imegongwa", na bei inashuka hapo hapo.

Tena kupuliza rangi ni ndugu wa kupuliza dawa, kitu ambacho nyie mnakifanya kila msimu. Umbali, mwendo wa mkono, ukubwa wa matone, upepo, vyote mnavijua. Tofauti ni moja, na ndiyo inayowaangusha wengi. Kwenye dawa tunataka matone yatue yametawanyika juu ya jani. Kwenye rangi tunataka matone yatue yakiwa bado mabichi, yaungane, yajilaze kama maji kwenye sahani kabla hayajakauka. Tone likikauka kabla ya kuungana na mwenzake, unapata kipele. Vipele elfu moja ndiyo hilo ganda la chungwa.

Kazi iko kabla ya kopo

Koti moja la rangi likikauka ni jembamba kuliko unywele wako. Sasa unywele utafichaje shimo au mkwaruzo wa msasa mkali? Haufichi. Ukiwa unang'aa ndiyo kwanza unaonyesha.

Anza kwa kuosha, na uoshe kabla ya msasa. Watu wengi wanapiga msasa kwanza ndipo wanafuta. Hapo mafuta yaliyokuwa juu umeshayasugulia ndani ya mikwaruzo, na hayatoki tena kirahisi. Maji na sabuni ya vyombo, suuza vizuri, acha ikauke. Halafu futa kwa kitambaa chenye spiriti nyeupe ya duka la rangi, na kitambaa kingine kikavu kifuate nyuma kabla haijajikausha yenyewe. Petroli usitumie, inaacha mafuta na inashika moto upesi.

Kirikuu ya mkulima ina mambo mawili ambayo ya mjini hayana sana. Kwanza viuatilifu, maana vingi vya maji maji vina mafuta ndani yake, vikimwagika kwenye bodi vinaganda bila kuonekana. Pili ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi, nyingi ina silikoni. Hivi viwili vikibaki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki, na hata upulize koti tano havifungi.

Kipimo ni cha bure. Mwaga maji safi juu ya boneti. Yakitanda yote kama kioo, pamesafishika. Yakijikusanya matone matone na kukimbia sehemu fulani, hapo kuna mafuta, rudia.

Kutu itolewe mpaka chuma king'ae, kwa brashi ya waya na msasa namba 80. Ukipuliza juu ya kutu, inaendelea kula chini kwa chini na baada ya miezi kadhaa rangi inatoka kama gamba. Palipobonyea weka puti ya magari, na hadna yake iwe kidogo: puti nyingi zinataka kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti, soma kopo lako. Ukizidisha hadna ili ikauke haraka, doa linaweza kujitokeza mpaka juu ya rangi. Paka nyembamba mara mbili tatu, usijaze mara moja.

Msasa usiushike kwa vidole vitupu. Vidole vinachimba mifereji, na mifereji hiyo utaiona siku boneti ikipigwa na jua la jioni. Kata kipande cha kandambili ya zamani, kizungushie msasa, ndiyo kibao chako. Nenda namba 80, kisha 180, kisha 320. Kuruka kutoka 80 kwenda 400 kunaokoa nusu saa tu, na mikwaruzo ya 80 inarudi kuonekana wiki moja baadaye rangi ikishajibana.

Kujua kama pamelala sawa, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi yoyote juu ya puti, acha ikauke, halafu piga msasa. Palipobaki weusi ni bonde. Macho yanadanganya, huo weusi haudanganyi.

Rangi juu ya rangi

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Magari mengi ya huku yameshapigwa rangi zaidi ya mara moja, na matela mengi ya pawatila yamepakwa rangi ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya mageti. Sasa unakuja na rangi ya kopo ambayo tina yake ni kali, unapuliza juu, na ndani ya dakika chache rangi ya chini inavimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kuna kijana mmoja wa mpunga alidhani ni joto, akasubiri ipoe apulize tena. Ilikunjamana zaidi, akabandua yote.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Chovya kitambaa kwenye tina, kishikize juu ya rangi ya zamani dakika moja. Rangi isipoyumba, piga msasa uendelee. Ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, unaweza kuendelea ila kwa makoti mepesi sana mwanzoni. Ikivimba na kukunjamana, ni ya mafuta: bandua mpaka chuma. Praima nyekundu ya kuzuia kutu ya mageti nayo mara nyingi iko kundi hilo la mafuta. Kwa geti ni nzuri, chini ya rangi ya gari yenye tina kali inaleta shida ileile.

Rangi za zamani za njano na za machungwa kwenye mashine za shamba nyingi zilitengenezwa na risasi. Hizo zipigwe msasa wa maji, siyo mkavu, na watoto wasicheze karibu. Lile tope lisikaushwe uani kuku wakadonoa.

Chuma kilichobaki wazi kipigwe praima siku hiyohiyo. Masika kikilala usiku mmoja asubuhi kina kutu jipya. Makoti mawili au matatu ya praima, ikikauka kabisa piga msasa wa maji namba 600 mpaka kiganja kiteleze. Bampa la plastiki lina praima yake, usipolipa hiyo rangi itabanduka kama karatasi.

Wapi na saa ngapi

Masumbwe tunajua vumbi. Malori ya barabara kuu ya Kahama kwenda Ushirombo, makarasha ya wachimbaji, na kiangazi upepo unaanza kabla ya saa tano. Kwa hiyo puliza saa 2 mpaka saa 4 asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka. Ni saa zilezile ninazowaambia mpulize dawa. Mwagia maji ardhi ya kuzunguka, nyuma ya nyumba mbali na barabara, chini ya kivuli kilicho wazi pembeni. Turubai lililoanikia mpunga usilitundike juu, lina pumba zitakazodondoka zote kwenye rangi mbichi.

Boneti yenyewe iwe ya baridi. Bati lililokaa juani linakausha tone likitua tu, na tumeshasema tone likikauka mapema linafanya nini. Jioni ya masika nayo siyo: unyevu ukiwa mwingi rangi inapata ukungu mweupe, na kumbikumbi wakitoka ndo basi.

Mkono

Tikisa kopo dakika 2 nzima baada ya gololi kuanza kulia. Kopo la baridi liweke kwenye maji ya vuguvugu kidogo, ya kuweza kushika kwa mkono. Usiliweke kwenye jiko wala maji yanayochemka, linalipuka.

Umbali ni shubiri moja, kama sentimita 20 hadi 25. Ukiwa mbali zaidi rangi inakaukia hewani na kutua kama unga. Ukiwa karibu inajikusanya na kutiririka machozi. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye boneti, pita moja kwa moja, achia ukishatoka upande wa pili. Mkono wote utembee sambamba na bati. Tabia ya kuzungusha kifundo kama mnavyozungusha bomba la dawa iacheni shambani, maana katikati panapata nyingi na pembeni hapapati. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia.

Koti la kwanza liwe jepesi, bado uone praima. Subiri dakika 10 hadi 15. La pili na la tatu ndiyo yawe na umajimaji wa kutosha, ukiinama pembeni uone linang'aa kama limelowa. Vijana wengi wana haraka hapa: wanataka koti moja lifunike, wanarudia palepale, machozi yanashuka. Likishuka usiguse kwa kidole wala kitambaa. Acha siku mbili, likate kwa msasa wa maji namba 800, puliza tena. Mdudu akitua, vivyo hivyo, mwache akauke naye.

Kopo la mililita 400 kwa makoti ya kutosha linamaliza kama mita moja ya mraba, wakati mwingine kidogo zaidi. Nunua ya kutosha mara moja, kwa sababu rangi ya kopo la wiki ijayo inaweza isilingane.

Ukikodi kompresa kwa fundi pancha, kwanza mwage maji ya kwenye tangi lake, la sivyo yatatoka na rangi. Weka kichujio cha maji kwenye mpira. Rangi ichujwe kwa soksi ya nailoni, na tina iwe kwa kipimo cha kopo. Bunduki za shinikizo dogo zinataka kama bar 2 ukiwa umebonyeza, na tundu la milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi. Kompresa ndogo inaishiwa pumzi katikati ya boneti, matone yanakuwa makubwa, chungwa linarudi. Pumzika ijae.

Na tafadhali, bomba la dawa la mgongoni halipulizi rangi ya gari. Matone yake ni makubwa mno, tina inakula mipira yake, na masalia ya dawa yanaharibu rangi. Ukilirudisha shambani nalo linavuja mgongoni kwako.

Kitu kimoja sitaki mfanye nyumbani

Rangi na klia zinazochanganywa na hadna ndizo ngumu na zinazodumu, lakini hadna zake huwa na kemikali iitwayo aisosayaneti. Ukiivuta inaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii kabisa. Mafundi wenye vifaa hutumia kofia yenye hewa safi inayoletwa na mpira. Kwa hiyo andaa mwenyewe, praima yenyewe piga, ila klia ya hadna ipeleke kwa fundi mwenye chumba na vifaa, Kahama wapo. Kazi ya msasa ukiwa umeshaimaliza, anakutoza ya kupuliza tu. Tangi la pikipiki lipeleke huko pia, maana rangi ya kawaida ya kopo ikimwagikiwa petroli inalainika na kuchubuka.

Hata kwa rangi ya kopo la kawaida, vaa barakoa yenye chujio la mkaa, ile ya viuatilifu inayozuia mvuke inafaa kama chujio bado ni jipya. Jiko la mkaa, sigara na cheche za kuchomelea vikae mbali. Usipulizie kwenye stoo ya mahindi.

Ikishakauka, iache boneti isimame peke yake angalau siku mbili kabla ya kuifunga, na usiiegemeze upande wenye rangi. Ukitaka ing'ae zaidi, baada ya wiki moja piga msasa wa maji namba 2000 kwa mkono mwepesi, kisha kompaundi na kitambaa laini. Kwenye kingo pita haraka, rangi hapo ni nyembamba na utatokea kwenye praima. Mwezi wa kwanza osha kwa maji matupu, na mbolea mkiibeba tandikeni turubai chini.