Kudhibiti Pombe Kali Mijini (2): Somo la Viroba

Wiki iliyopita tuliona kwamba ulevi wa hadharani hustawi pale pombe kali inapokuwa rahisi, ya karibu na ya saa zote. Leo tupime hatua iliyochukuliwa hapa Tanzania.

Februari 2017, akiwa Mirerani wilayani Simanjiro, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba pombe kali ya vifuko vya plastiki, yaani viroba, ingepigwa marufuku kuanzia Machi 1. Kanuni zake zilitungwa chini ya sheria ya mazingira, kwa kuwa vifuko hivyo pia vilichafua mitaa na mitaro. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2010 kwa ile inayoitwa Sheria ya Mututho, na Uganda ikafuata mwaka 2019.

Kwa nini kifuko? Tufanye hesabu. Kifuko cha mililita 100 chenye kilevi cha asilimia 40 kina mililita 40 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo anayemaliza kifuko kimoja kwa mafunda machache amekunywa zaidi ya bia moja na nusu. Bia hujaza tumbo na kumchelewesha mnywaji. Kifuko humlewesha kabla hajajua amekunywa kiasi gani, na mwili wake utahitaji saa tatu au zaidi kukiondoa kilevi hicho.

Ndiyo maana viroba vilishika stendi na masoko. Mpiga debe, mbeba mizigo na dereva wa bodaboda waliweza kuvitia mfukoni na kunywa kazini tangu asubuhi. Viliuzwa hata mezani penye pipi na sigara, mbali na jicho la afisa biashara. Marufuku iligonga mambo matatu kwa pamoja: bei ndogo ya kuanzia, urahisi wa kuficha, na muuzaji asiye na leseni. Naiunga mkono kwa sababu hiyo.

Lakini kilevi hakikukaa kwenye plastiki peke yake. Mwenye grosari anaweza kufungua chupa kubwa akauza kwa kupima, na mnywaji akalipa kidogo vilevile. Gongo nayo, iliyoharamishwa na sheria, bado inapikwa na kunywewa. Sheria inayofuata kifungashio humwachia mnywaji njia ya pembeni. Inayofuata kilevi chenyewe humfikia popote penye leseni.

Scotland ilifanya hivyo. Sheria yake ilipoanza Mei 2018, kila mililita 10 za kilevi halisi haikuruhusiwa kuuzwa chini ya peni 50, iwe bia, mvinyo au pombe kali. Tathmini iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilipungua kwa takriban asilimia 13 kuliko ambavyo vingekuwa. Tathmini hiyohiyo ilionyesha upande mchungu: baadhi ya waraibu walipunguza matumizi ya chakula ili waendelee kunywa.

Kwetu, kazi ya kwanza ni kutumia tulichonacho. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaweka leseni na saa za kuuza. Halmashauri ziisimamie kwanza kwenye stendi na masoko, zizuie uuzaji wa kupima nje ya baa zenye leseni, na Serikali ipange bei ya kima cha chini kwa kiasi cha kilevi. Bei hiyo isisubiri: ikiwasukuma wanywaji kwenye gongo, udhibiti wa wapikaji uongezwe sambamba nayo.

Wiki ijayo: mraibu ambaye bei haimzuii, na wajibu wa hospitali zetu kwake.

(Itaendelea)