Ekzosi Kuvishwa Bendeji: Faida na Hasara Zake

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa yetu ya Dar es Salaam siku ya Jumapili asubuhi, hukosi kuona gari lililofunuliwa boneti, na wanaume wawili watatu wameliinamia kama waganga walioinamia mgonjwa. Katika baadhi ya magari hayo utaona jambo la kushangaza jicho: mabomba ya ekzosi yanayotoka katika injini yamezungushiwa utepe mpana tangu juu hadi chini, mfano wa mguu uliovunjika na kufungwa bendeji. Ukiuliza, utaambiwa kuwa utepe huo hupunguza joto, huongeza nguvu na huokoa petroli.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Na je, mfanyakazi mwenye gari moja la familia, alilolinunua kwa akiba ya miaka mingi, yafaa aingie gharama hiyo? Jirani yangu mmoja alipata jibu la swali hili kwa njia ngumu, na kisa chake nitakieleza hapo mbele. Kwanza tuitazame kazi yenyewe ya utepe huo.

UTEPE WENYEWE NI NINI?

Petroli inapoungua ndani ya silinda, si nguvu yake yote inayokwenda kuzungusha magurudumu. Kiasi cha theluthi moja hutoka pamoja na moshi kama joto tupu. Moshi huo hupokewa na manifoldi, yaani lile fungu la mabomba lililofungwa ubavuni mwa injini, kisha hupelekwa nyuma hadi kwenye sailensa. Injini ikifanya kazi nzito, moshi unapotoka katika silinda huweza kufikia digrii 700 hadi 900 za sentigredi. Ndiyo sababu manifoldi huweza kuwaka wekundu kama mkaa.

Utepe unaozungumziwa hapa hufumwa kwa nyuzi za kioo, au kwa nyuzi zinazopatikana kwa kuyeyusha mawe ya volkano. Kwa kawaida upana wake ni kama sentimita 5. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kulizuia joto lisitoke nje ya bomba. Faida zote na hasara zote za utepe huu zatokana na kazi hiyo moja.

FAIDA ZAKE

Yafaa ieleweke kwamba utepe huu si ulaghai. Waliouanza walikuwa na hoja.

Faida ya kwanza ni kupungua kwa joto chini ya boneti. Waya, mipira ya maji, betri na stata ya gari huharibika upesi vikikaa jirani na bomba la moto. Joto likizuiwa, vitu hivyo hudumu zaidi. Aidha, hewa inayovutwa na injini huwa na ubaridi kidogo, na hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto. Kwa hiyo silinda hupata hewa nyingi zaidi ya kuunguzia petroli.

Faida ya pili ni mwendo wa moshi. Moshi uliohifadhi joto lake hukimbia upesi kuliko moshi uliopoa. Ukitoka kwa kasi, husaidia kuvuta mabaki ya moshi yaliyosalia katika silinda, nafasi ikapatikana kwa hewa mpya. Kwa gari lenye tabo, ambayo huzungushwa na moshi huo huo, faida hii ni kubwa zaidi.

Faida ya tatu ni usalama wa mikono ya fundi, ambaye hana budi kupenyeza vidole vyake penye nafasi finyu karibu na bomba la moto.

Kwa sababu hizo utepe huu hupendwa na madereva wa magari ya mashindano. Lakini dereva wa mashindano hupimwa kwa nukta za saa. Gari lake hufunguliwa na kukaguliwa baada ya kila shindano, na bomba likichoka hutupwa likawekwa jingine. Wewe na mimi, tunaosimama katika foleni nusu saa nzima tukienda kazini, hatuwezi kuihisi nguvu hiyo ndogo iliyoongezeka, wala hatuna bomba la akiba.

HASARA ZAKE

Joto lililozuiwa kutoka halitoweki. Hubaki ndani ya chuma. Bomba lililovuliwa hupozwa na upepo, bali bomba lililovishwa utepe huchemka zaidi kuliko lilivyokusudiwa na aliyelitengeneza. Chuma cha kawaida kikipita digrii 550 hivi huanza kubabuka kwa kasi, kikatoa magamba na kuwa chembamba. Chuma kisichoshika kutu huvumilia zaidi, lakini nacho kina mpaka wake. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa mabomba haya hukataa madai ya mteja aliyeyafunga utepe.

Hasara ya pili ni kutu. Utepe hunyonya maji kama kitambaa chochote. Gari likipita katika dimbwi au likioshwa, kisha likalazwa siku tatu bila kuwashwa, unyevu hukaa umegandamana na chuma. Kwetu sisi wa pwani, tangu Tanga hadi Mtwara, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hasara hii si ya kupuuzwa.

Hasara ya tatu ni moto. Injini kuukuu haikosi kuvuja oili. Oili ikidondokea juu ya bomba tupu hutoa moshi na harufu, nawe ukajua kuna kasoro. Ikidondokea juu ya utepe hunyonywa na kukaa humo kama mafuta katika utambi. Siku joto likipanda, utambi huo huweza kuwaka.

Hasara ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuficha ubovu. Hapa ndipo kinapoingia kisa cha jirani yangu.

Ndugu huyu ni mfanyakazi wa kiwandani. Gari lake lilichemsha maji mara mbili, na fundi akamshauri avishe ekzosi utepe ili joto lipungue. Alilipa, na akafurahi. Baada ya miezi kadhaa alisafiri na mkewe na watoto watatu kwenda Morogoro. Mvua ilikuwa ikinyesha, vioo vyote vimefungwa. Kabla ya kufika Chalinze watoto wakaanza kulia kichwa, na yule mdogo akatapika, kisha akalala usingizi mzito usio wa kawaida yake. Mama yao hakukubali kuendelea. Alimwamuru mumewe asimamishe gari, akawatoa watoto nje mvuani. Baada ya muda wakachangamka.

Fundi aliyelifungua gari hilo baadaye alikuta chini ya utepe ufa mrefu katika manifoldi. Moshi ulikuwa ukivujia chini ya boneti, ukavutwa na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, ukaingia walimokaa watoto. Katika moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Bomba lingekuwa wazi, ufa ungeonekana, na mlio wake ungesikika mapema.

Na ule ubovu wa kuchemsha? Ulikuwa katika rejeta iliyoziba. Utepe haukuutibu hata kidogo.

USHAURI

Gari lako likichemsha, anza na rejeta, pampu ya maji, feni na themostati. Halafu tazama kama bati la kukinga joto, ambalo kiwanda hulifunga juu ya manifoldi, bado lipo. Mara nyingi mafundi hulitupa kwa sababu linapiga kelele. Bati hilo huzuia joto lisifikie waya, na kwa kuwa limeachiwa nafasi ya hewa, bomba nalo hupumua. Kwa gari la familia, kurudisha bati hilo ni bora kuliko utepe.

Ikiwa bado wataka utepe, basi hakikisha kwanza kwamba bomba halina ufa, gasketi ni nzima na injini haivuji oili. Fundi avae glovu na kufunika pua na mdomo, kwani nyuzi za kioo huwasha ngozi na kifua. Ufungwe kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Usishangae ukitoa moshi siku za mwanzo. Lakini moshi huo ukiendelea, simamisha gari ukague. Ufunguliwe na kutazamwa walau mara moja kwa mwaka.

Aidha, usikubali kamwe utepe wa zamani uliofumwa kwa asbesto, wala usimruhusu mtu kuuchana nyumbani penye watoto. Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani.

Ndugu msomaji, wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla hujalifunga bomba lako bendeji, hakikisha kwamba halina kidonda. Na siku watoto watakapolalamika kichwa wakiwa garini, usiwaambie wavumilie hadi mfike. Simama, fungua milango, uwatoe nje.